Pamba ya Bt, pamba ya kupuliza, ufuta au mnazi: mjue kwanza mdudu anayekula shamba lako

Mjomba alinipigia simu mwezi wa Machi, kaskazi imekwisha kulegea na watu wa Matuga wameanza kufyeka. Baada ya shikamoo na marahaba akaingia moja kwa moja kwenye haja yake: "Mpwa, nasikia siku hizi kuna mbegu ya pamba isiyoliwa na mdudu. Nitafutie hapo mjini, uniletee ya ekari mbili."

"Mdudu gani, mjomba?"

"Ah, si wadudu tu."

Mimi naishi Majengo, lakini mguu mmoja uko shamba, kama walivyo watu wengi wa Mombasa. Siku za kazi uko mjini, Jumamosi unavuka feri ya Likoni au unapanda matatu ya Kilifi ukatazame ekari mbili tatu alizoacha babu. Bei ya mafuta ya kupikia ikipanda dukani, kila mmoja wetu hukumbuka kwamba ardhi ile ingeweza kutoa mafuta. Hapo ndipo maswali yanapoanza, na siku hizi swali la kwanza huwa "GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni, ni nzuri au mbaya?" Kwa maoni yangu swali hilo linaulizwa kabla ya wakati wake. Mkulima asiyemjua mdudu anayemla hawezi kuchagua mbegu, hawezi kuchagua dawa, na hata zao lenyewe atalichagua kwa kubahatisha.

Nilimwomba binamu yangu apige picha za mipamba ya msimu uliopita ambayo mjomba alikuwa bado hajaing'oa. Zikaja picha kumi na moja. Majani yamejikunja kuelekea chini, kingo zake zimekuwa nyekundu kama zimeunguzwa: hiyo ni alama ya chawa-jani. Chini ya majani, vidukari wamejazana na utomvu wao unanata. Juu ya vitumba vilivyopasuka, kangambili wengi, wekundu kwa weusi. Nikamwambia apasue vitumba ishirini kwa kisu. Kimoja tu kilikuwa na tundu la funza.

Angenunua mbegu ya Bt, ndiyo hiyo anayoiita isiyoliwa na mdudu, angekuwa amelipia kinga dhidi ya funza aliyeharibu kitumba kimoja tu kati ya ishirini, na chawa-jani, vidukari na kangambili wangeendelea kula.

Bt hufanya nini, na hukomea wapi

Bt ni kifupi cha Bacillus thuringiensis, bakteria anayeishi udongoni. Mjapani Shigetane Ishiwata alimkuta mwaka 1901 kwenye viwavi wa hariri waliokuwa wakifa, na mwaka 1911 Mjerumani Ernst Berliner akamweleza upya kutoka kwa nondo wa unga wa jimbo la Thüringen, na ndiyo asili ya jina. Bakteria huyu hutengeneza protini zinazoitwa Cry. Kiwavi akiila, protini hiyo huyeyuka tumboni mwake kwa sababu tumbo la kiwavi lina magadi mengi, hunasa kwenye vipokezi vilivyo kwenye ukuta wa utumbo, kisha huutoboa. Kiwavi huacha kula mapema sana, na hufa baada ya siku chache. Tumbo la binadamu lina asidi na halina vipokezi hivyo, kwa hiyo protini ile kwetu humeng'enywa kama protini nyingine.

Walichofanya wataalamu wa uhandisi jeni ni kuchukua jeni ya protini hiyo na kuiweka ndani ya mmea, ili mmea ujitengenezee kinga wenyewe katika majani na vitumba. Pamba ya namna hii iliingia mashambani Marekani na Australia mwaka 1996, China mwaka 1997, India mwaka 2002. Toleo la kwanza lilikuwa na protini moja, Cry1Ac. Toleo lililofuata likaongezewa ya pili, Cry2Ab, na pamba ya Bt iliyoidhinishwa Kenya ni ya kizazi hicho chenye mbili.

Hizi Cry za pamba huua viwavi wa nondo peke yao, na hata hao ni wale wanaotafuna. Funza wa vitumba, funza mwekundu, funza wa miiba: hao wako ndani ya uwezo wake. Kidukari, chawa-jani, nzi weupe, kangambili na utitiri hawatafuni. Wao huchoma mdomo kama sindano na kufyonza maji ya mmea, na Cry haiwadhuru. Mbawakawa nao wana Cry za aina nyingine ambazo hazimo ndani ya pamba hii.

Nchi zilizotutangulia zimelipia somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2015 nzi weupe walivamia pamba ya Punjab nchini India, na karibu yote ilikuwa ya Bt. Hasara ilikuwa kubwa ajabu, na mbegu haikuwa na kosa: ilimzuia funza kama ilivyoahidi, ila aliyekuja mwaka ule hakuwa funza. Kaskazini mwa China nako, wakulima walipopunguza kupuliza dawa kwa sababu funza wamepungua, kunguni wa mimea ambao zamani walikuwa wakifa kwa dawa za funza waliongezeka, wakahamia hata kwenye matunda ya jirani.

Bt ya ndani ya mbegu na Bt ya chupani

Wengi hawajui kwamba Bt imekuwa ikiuzwa kama dawa ya kupuliza tangu mwaka 1938, ilipotokea Ufaransa kwa mara ya kwanza. Wakulima wa mazao ya asilia duniani kote huitumia, na katika maduka ya pembejeo ya kwetu hupatikana. Kwa hiyo mtu anayesema "sitaki Bt" na mtu anayesema "nataka Bt" huenda wanazungumzia protini za ukoo mmoja, tofauti ikiwa ni njia ya kumfikia mdudu.

Ya kupuliza hukaa juu ya jani. Jua la Pwani huiharibu kwa siku chache tu, na mvua ya masika huiosha. Ni lazima upulize jioni, upulize viwavi wakiwa wachanga, na upulize tena. Kiwavi akishatoboa na kuingia ndani ya kitumba, umemkosa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na funza wa pamba ndivyo alivyo: kwa nje kitumba kizima, kwa ndani amemaliza mbegu. Bt ya ndani ya mbegu inamngojea humo humo, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Haitegemei kama ulikuwa Mombasa kazini siku funza walipoanguliwa. Kwa mkulima wa Jumamosi kama mimi hilo si jambo dogo.

Lakini nayo hupungua nguvu. Kiasi cha Cry1Ac kwenye mmea hushuka mmea unapozeeka, hivyo vitumba vya mwisho wa msimu vina kinga ndogo kuliko vya mwanzo. Anayelima pamba ya Bt na kuacha kukagua shamba mwezi wa nne tangu kupanda ameacha mlango wazi.

Halafu kuna dawa za kemikali. Sitazipamba wala sitazilaani. Kwa pamba ya kawaida yenye funza wengi huwa ndizo zinazookoa mavuno. Ila nimewaona vibarua wa Kwale wakibeba pampu mgongoni saa sita mchana, bila glavu, shati limelowa dawa, kitambaa cha mdomoni ndicho kile kile cha kufutia jasho. Niliwahi kumpeleka kijana mmoja zahanati akitapika, macho yakimtiririka machozi, baada ya siku mbili za kupuliza kwenye shamba letu. Alipona, lakini tangu siku ile sijaweza kuhesabu gharama ya dawa kwa shilingi peke yake. Katika ulinganisho wote huu, sababu ninayoiona nzito kuliko zote kwa upande wa pamba ya Bt ni hiyo: pale funza wanapokuwa ndio adui mkuu, raundi za kupuliza hupungua, na sumu inayoingia mwilini mwa watu hupungua nayo. China na India zimeliandika hilo kwa tafiti nyingi. Si kwamba kupuliza kunakwisha, kwa maana wafyonzaji bado wapo, lakini kunapungua.

Dawa kali zinazoua kila kitu zina ubaya mwingine: huua bibi-kitabu, wale mbawakawa wadogo wenye madoa, na nyigu wanaokula vidukari. Ndiyo maana shamba linalopulizwa ovyo mwezi wa kwanza wa msimu huwa na vidukari maradufu mwezi unaofuata.

Na mwarobaini? Tunao kila uwanja. Kokwa za mbegu zake zikitwangwa, gramu 50 kwa lita moja ya maji, zikalowekwa usiku kucha na kuchujwa, hutoa dawa inayomkatisha mdudu hamu ya kula na kumvuruga ukuaji. Kwa vidukari na viwavi wachanga, kwenye robo ekari, inasaidia kweli. Kwa ekari tano za pamba, utatwanga mpaka mikono iote sugu.

Sugu wanavyozaliwa

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wauzaji wengi wa mbegu hupita haraka.

Ukipanda Bt kila mahali, viwavi wote hufa isipokuwa wachache waliozaliwa na uwezo wa kuhimili. Hao wachache wakioana wao kwa wao, watoto wao ni sugu, na baada ya misimu kadhaa mbegu ghali haina kazi. Dawa ya jambo hili ni kupanda sehemu ya shamba kwa pamba ya kawaida, iwe kama kimbilio la viwavi wasio sugu. Nondo wanaotoka kwenye kimbilio ni wengi, huoana na wale wachache sugu, na watoto huwa bado wanauawa na Bt. Ni hesabu ya ndoa tu.

India ilitaka mkulima apande mistari mitano kuzunguka shamba au asilimia 20 ya eneo, lipi kubwa zaidi. Wengi hawakufanya hivyo. Kufikia 2010 funza mwekundu wa Gujarat alikuwa ametangazwa sugu kwa Cry1Ac, na baadaye akaivunja hata ile ya protini mbili. Marekani upande wa kusini-magharibi walishika masharti ya kimbilio miaka mingi, kisha wakaachia nondo tasa wengi angani, na mwaka 2018 serikali yao ikatangaza kwamba funza mwekundu amekwisha katika mashamba yote ya pamba ya nchi. Mbegu za ukoo mmoja na mdudu yule yule, matokeo mawili tofauti kabisa.

Sasa jiulize kuhusu kijiji chako. Mashamba yetu ni ya ekari moja, mbili, yamepakana. Kimbilio la mtu mmoja haliwezi kazi ikiwa jirani zake kumi hawana. Kwa upande mwingine, mashamba yetu yamechanganyika: mahindi, kunde, mbaazi, nyanya, na funza wa vitumba hula vyote hivyo. Kwa mdudu huyo mchanganyiko wenyewe ni kimbilio. Kwa funza mwekundu, ambaye karibu maisha yake yote ni pamba, si hivyo. Mjomba alikuwa na mipamba ya mwaka jana bado imesimama Machi. Mimea hiyo ndiyo nyumba ya funza mwekundu kati ya msimu na msimu, na kuing'oa na kuichoma hakuhitaji mbegu mpya wala pesa.

Mbegu ya kununua kila mwaka

Mbegu za pamba ya Bt zinazouzwa Kenya ni chotara. Ukihifadhi mbegu za mavuno yako na kuzipanda tena, zitaota, lakini mimea itatofautiana, mingine mirefu, mingine mifupi, na kinga ya funza nayo itagawanyika. Nasisitiza kwamba zitaota, maana bado nasikia barazani kwamba "mbegu za GMO hazizai". Teknolojia ya kufanya mbegu isiote ilisajiliwa hataza Marekani mwaka 1998 na haijawahi kuuzwa kwa mkulima popote. Kinachokurudisha dukani ni uchotara, sawa na mahindi ya chotara ambayo umeyazoea.

HART 89M, pamba ya kawaida iliyozoeleka upande wetu wa nchi, si chotara. Unaweza kubakiza mbegu, ingawa wachambuzi wa pamba ndio huondoka nazo.

Kwa hiyo hesabu ya mbegu iende hivi. Andika gharama ya mbegu ya Bt kwa ekari. Toa gharama ya mbegu ya kawaida. Kinachobaki ndicho unacholipia kinga. Kisha andika ulitumia kiasi gani msimu uliopita kwa dawa za *funza* peke yake, pamoja na ujira wa kupuliza, na kilo ulizopoteza kwa vitumba vilivyotobolewa. Kama hesabu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, Bt ina faida kwako. Kama hukuandika chochote msimu uliopita, anza kwa kuandika msimu huu.

Ukiamua kununua, nunua pakiti iliyofungwa yenye stika ya KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mimea na mbegu, ile ya kukwangua namba na kuituma kwa ujumbe wa simu. Niliwahi kuuziwa mbegu iliyopimwa kutoka gunia lililo wazi, kwenye duka ambalo sitalitaja, na thuluthi yake haikuota. Kwa mbegu ya Bt hasara ya namna hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu kwa macho huwezi kutofautisha yenye jeni na isiyo nayo.

Kisha mnunuzi. Burkina Faso ilianza pamba ya Bt mwaka 2008 ikafika sehemu kubwa ya nchi, kisha mwaka 2016 kampuni za pamba zikairudisha nyuma. Funza walikuwa wamezuiliwa vizuri. Tatizo lilikuwa nyuzi: zilitoka fupi kuliko za aina zao za zamani, na soko la Burkina lilijengwa kwa sifa ya nyuzi ndefu. Huko Makhathini, Afrika Kusini, wakulima wadogo waliikumbatia pamba ya Bt mwishoni mwa miaka ya 1990 wakafurahi nayo, kisha mfumo wa mikopo na ununuzi ukavunjika na eneo la pamba likaporomoka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mbegu, uliza nani atanunua pamba, kwa bei gani, na nani atalipa usafiri hadi kinu cha kuchambulia.

Kama unachotaka hasa ni mafuta

Pamba ni zao la nyuzi. Kilo 100 za pamba mbegu zikichambuliwa hutoa kilo 60 na ushei za mbegu, na mbegu ya pamba ina mafuta asilimia 18 hadi 20 tu. Yaani kilo kumi na kitu za mafuta, tena hazitakuwa zako, zitakuwa za mwenye kinu. Kilo 100 za ufuta zina mafuta karibu nusu ya uzito wake. Karanga nazo hukaribia hapo, alizeti hufika asilimia 40 hivi, na mbata hupita 60.

Mafuta ya mbegu ya pamba hayawezi kutumika yakiwa mabichi kutoka kinuni. Yana gosipoli, sumu ambayo mpamba wenyewe huitengeneza kujikinga na wadudu, tangu kabla ya maabara yoyote. Usafishaji wa kiwandani huiondoa. Wakati huohuo hubanduka karibu protini zote, kwa hiyo mafuta yaliyosafishwa vizuri ya pamba ya Bt na ya kawaida hayana tofauti mezani. Protini hubaki kwenye mashudu. Kwa wafugaji wa Kisauni na Mtwapa wanaoniuliza kama mashudu ya pamba ya Bt yatadhuru ng'ombe: cha kuogopa ni gosipoli, ambayo imo kwenye pamba zote, na ndama na kuku ndio wasiostahimili. Ng'ombe mkubwa huivumilia kwa kiasi. Katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, timu ya Keerthi Rathore imetengeneza mpamba ambao gosipoli imezimwa kwenye mbegu tu, ikabaki majani na shina kuendelea kuukinga mmea, na mwaka 2019 Marekani iliruhusu mbegu yake kuliwa. Huo ndio uhandisi jeni unaonivutia kuliko wote, kwa sababu umemwachia mmea silaha yake na kumpa mtu chakula.

Zaidi ya pamba, duniani kuna zao moja tu lingine la mbegu za mafuta lenye kinga ya wadudu ya kijenetiki mashambani: soya, iliyoanza kupandwa Brazil mwaka 2013. Ufuta wa GMO hauuzwi popote. Karanga za Bt zimebaki vituo vya utafiti. Alizeti vilevile, na ana sababu yake: huko Amerika Kaskazini kuna alizeti mwitu. Mwaka 2003 Allison Snow na wenzake walichapisha jaribio ambamo jeni ya Bt ilihamishiwa alizeti mwitu, na huko Nebraska magugu hayo yakazaa mbegu asilimia 55 zaidi kwa kuwa viwavi hawakuyala. Kwa kwetu, mtu akikuambia ana mbegu ya ufuta ya GMO isiyoliwa na mdudu, mkimbie.

Basi ufuta unauliwa na nini? Mdudu wake mkuu ni kiwavi anayesokota majani ya kilele kwa uzi mwembamba na kujificha ndani, baadaye hutoboa vifuko. Ni kiwavi wa nondo, kwa hiyo Bt ya chupani humfaa, ikipulizwa jioni, mimea ikiwa na wiki tatu au nne, kabla hajasokota kilele chote. Ufuta huvumilia ukame, hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne, na unaoteshwa Lamu, Tana River, Kilifi na Kwale bila mbolea nyingi. Shida yake kubwa kwa mkulima wa Jumamosi ni mavuno: vifuko hupasuka vikikauka, na ukichelewa wiki moja mbegu zako ziko chini zinaliwa na ndege. Alizeti hana shida ya wadudu kiasi hicho, adui wake ni ndege, na kwa kunguru tulionao Pwani, nimeacha.

Mnazi, ambao hatuuhesabu

Sipendi kuona watu wanafyeka minazi ya babu zao wapande zao jipya la mafuta huku wamesimama chini ya mafuta. Mnazi mrefu huchukua miaka sita hadi minane kuzaa, na mnazi wa GMO hauuzwi popote. Kinga yake ipo, nayo ni ya zamani.

Ukiona vidaka vinaanguka, na vitale vimetoka utomvu na makovu, huenda ni yule kunguni wa minazi afyonzaye nazi changa. Kitaalamu anaitwa Pseudotheraptus wayi, kwa jina la Mwingereza M. J. Way aliyefanya utafiti Unguja miaka ya 1950. Kinachomzuia ni majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani na kukuuma ukikwea. Mnazi wenye majimoto wengi huzaa vizuri. Wakwezi huwachukia, na nimeona watu wakichoma viota vyao ili wakwee kwa raha, halafu msimu ujao wanauliza mbona nazi zimepungua. Waacheni. Funga kamba kutoka mti hadi mti wapate njia, na usiache chungu wadogo wa kahawia wa ardhini wawafukuze.

Chonga, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa kilele hadi makuti yanatoka yamekatwa kama kwa mkasi, yeye huzaliana ndani ya magogo ya minazi yaliyooza na marundo ya samadi. Ondoa magogo. Mchokoe kwa waya mwembamba tunduni mwake. Hapa Bt ya pamba haina neno hata moja la kusema.

Sheria, kwa ufupi

Baraza la Mawaziri liliidhinisha kilimo cha pamba ya Bt Desemba 2019, chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009. Marufuku ya vyakula vya GMO iliyowekwa Novemba 2012 iliondolewa Oktoba 2022, na kesi zikafuata mahakamani. Mambo haya mawili huchanganywa sana: kesi zile zilihusu hasa chakula, pamba ilikuwa imeshapita.

Ningechagua vipi

Kama uko Lamu au Tana River, una ekari tatu na zaidi za pamba, mnunuzi anajulikana, na ukipasua vitumba ishirini unakuta sita au saba vina funza, mimi ningekushauri pamba ya Bt bila kusita. Acha sehemu ya pamba ya kawaida pembeni, na weka akiba ya dawa ya wafyonzaji.

Kama vitumba vyako ni vizima na majani ndiyo yanayojikunja, baki na HART 89M, ng'oa mabaki mapema, na pesa ya tofauti itumie kwa kibarua wa kukagua shamba kila wiki.

Kama hujapata mnunuzi wa pamba, usipande pamba ya aina yoyote.

Kama unataka mafuta ya kukamua na kula mwenyewe, panda ufuta, lakini hakikisha wiki ya mavuno uko shamba. Na kama una minazi, anza nayo kabla ya hayo yote.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na hao kangambili, nikiweka kuku shambani, si watawala?" Kuku hula baadhi yao kweli, hasa asubuhi wadudu wakiwa wazito kwa umande. Tumekubaliana: nusu ekari ya pamba ya kawaida karibu na nyumba, kuku waachiwe mimea ikishakua, ekari moja ya ufuta upande wa bondeni, na mipamba ya zamani ing'olewe kabla ya mvua ya kwanza. Jumamosi navuka feri na chupa moja ya Bt ya kupuliza kwa ajili ya ufuta, na kisu cha kupasulia vitumba.